Somo Yangu Alinisemea Tumbo

Asifiwe Yesu, ndugu zangu wa Kisarawe, nanyi wageni mliotoka Kibaha na Soga. Mimi ni Rebeka, mke wa Yohana, kibarua wa shamba la mkonge. Leo nasema habari za tumbo langu. Anayeona haya na atazame chini, mimi nitasema.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika. Haukupita muda nikashikwa na homa na maumivu makali chini ya kitovu. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Chango." Ndugu zangu, mnajua neno hilo kwetu linavyobeba mizigo! Minyoo ni chango, maumivu ya mwezi ni chango, na yale ambayo mwanamke hayataji ni chango vilevile. Nikanywa mizizi mpaka nikachoka. Tumbo likaota uvimbe, nikakonda, majirani wakaanza kuniangalia kama wamekuja matangani.

Yohana akanipeleka hospitali ya misheni. Dresa, yule msaidizi wa daktari, akauliza naumwa nini, nikasema chango, akanipa dawa ya minyoo. Minyoo ikatoka kweli, uvimbe ukabaki.

Ndipo akaja Daktari, mama wa Kizungu, akanipapasa tumbo kwa muda mrefu. Hakutuficha. Alisema huenda ni saratani ya vifuko vya mayai, na ikiwa ndiyo, atanipasua avitoe pamoja na mji wa mimba. Nami ni binti mbichi, sijaitwa mama na mtu! Nililia, nikamwambia Mungu maneno nisiyoweza kuyarudia humu kanisani.

Lakini yule mama hakukimbilia kisu, na hapo ndipo ninapomvulia kilemba. Alisema saratani hiyo huwapata zaidi wanawake watu wazima, ingawa vijana nao hawakosi, basi anataka kwanza kujua ugonjwa ulianzaje. Akauliza habari za mimba, za homa, za uchafu unaonitoka. Mume yupo, mama mkwe yupo, dresa yupo, ningefunguaje kinywa? Akanitazama, akauliza kwa upole, "Kwenu, nani huruhusiwa kukusemea mambo haya?"

Nikamtaja somo yangu, Bi Mwajuma, aliyenifunda nilipovunja ungo. Nilimtaja kwa woga, maana unyago kanisani haupendwi, na Bi Mwajuma ni Mwislamu. Daktari akasema, "Aitwe."

Bi Mwajuma alikuja, akawatoa wote nje, dresa naye, asimwache hata mama mkwe. Kisha akamweleza Daktari kila kitu nilichomnong'oneza: mimba ilivyotoka, homa iliyofuata, uchafu wenye harufu. Daktari akashusha pumzi. "Basi huenda huu ni usaha uliojikusanya baada ya mimba kuharibika," akasema. "Nitakuchoma sindano za penisilini. Kama ni usaha, uvimbe utapungua. Usipopungua nitakupasua, sitakudanganya."

Ndugu zangu, niliomba kama sijawahi kuomba! Homa ikatangulia kushuka. Kila asubuhi Daktari alinipapasa, mpaka siku moja akatabasamu: "Unasinyaa." Bi Mwajuma akasema Alhamdulillahi, mimi nikasema Haleluya, Daktari akatuambia tunyamaze kuna wagonjwa.

Namshukuru Mungu aliyempa mwanamke yule moyo wa kuuliza kabla ya kukata. Namshukuru kwa somo yangu, na asiyependa nimtaje hapa aje aniambie mwenyewe.

Mtoto bado sijapata. Najua mnanong'ona, na Daktari aliniambia usaha ule huweza kuziba njia. Hilo nimemwachia Bwana. Nanyi mabinti, mtumainini huyo huyo, na mkiumwa msiseme chango mkanyamaza. Semeni, au leteni wa kuwasemea. Kwenye kitanda kilichofuata changu alilala msichana aliyeona haya mpaka mwisho, na mpaka tunamzika hatukujua alikuwa anaumwa nini.