Nathaniel Malimi na Taa Iliyoitwa Pambo

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wa ukoo, ndugu wa jumuiya, majirani wa Kirumba na ninyi nyote mliolala hapa nje pamoja nasi, mimi ni Dorotea Malimi, dada yake mkubwa marehemu, niliyembeba mgongoni kabla hajajua kutembea, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nitasoma polepole kwa sababu macho yangu yamechoka, na ninaomba mtu yeyote asinikatize, hata kama atasikia jina lake.

Ndugu yetu Nathaniel Malimi alizaliwa tarehe 8 Machi 1955 katika kijiji cha Nyanguge, ambacho sasa kiko wilaya ya Magu, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Malimi na Mama Bernadeta, akabatizwa mwaka huohuo, na padre ndiye aliyemchagulia jina, akasema Nathanaeli ni yule ambaye Bwana alimtazama akaona kwamba hamna hila ndani yake. Padre hakukosea, na mtasikia jambo hilo lilimfikisha wapi.

Alianza shule ya msingi hapohapo Nyanguge mwaka 1963, akamaliza darasa la saba mwaka 1969, hakuchaguliwa kuendelea kwa sababu nafasi zilikuwa chache, akachunga ng'ombe wa baba na kulima pamba mpaka mwaka 1974 alipokwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na huko ndiko alikojifunza kuendesha gari, na ndiko pia alikofahamiana na Nestory Mhoja.

Mwezi Septemba 1976 aliajiriwa kuwa dereva wa malori katika shirika moja la umma hapa Mwanza, akapeleka pamba na mbegu Shinyanga, Musoma na Bukoba kwa miaka kumi na minane, mvua na vumbi, na hakuwahi kugonga hata mbuzi, wenzake wako hapa, wanaweza kusimama wakakanusha kama ninasema uongo. Tarehe 30 Juni 1994 shirika lile lilikabidhiwa kwa wenye mitaji, kama mengine mengi tangu mambo yawe ruksa, naye akarudi nyumbani akiwa na nguvu zake zote na hana gari la kuendesha.

Alifunga ndoa takatifu na Modesta siku ya Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1981, katika kanisa la parokia yetu, na msimamizi wake alikuwa huyo Nestory Mhoja, ambaye leo ameketi pale mbele, katika safu ya wafiwa, kwenye kiti ambacho hakuna mtu wa ukoo huu aliyempa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Gladness aliyezaliwa mwaka 1983, Nkwabi wa mwaka 1986, na mdogo wao Bernadeta wa mwaka 1991, ambaye bado anauliza baba atarudi lini.

Mwezi Agosti 1996 Nestory alileta kutoka bandarini Dar es Salaam magari mawili ya Kijapani, yaliyokwishatumika huko kwao, yale makubwa yanayovuta kwa magurudumu yote manne, akaanzisha biashara ya kuyakodisha kwa wanunuzi wa dhahabu wa Geita na watu wa viwanda vya samaki, na akampa ndugu yetu kazi ya udereva. Magari yale yalikuwa na umbo moja, mlango wa hili uliingia kwenye lile, viti ni vilevile, taa ni zilezile, ila usoni hili lilikuwa na nembo ya kampuni moja na lile nembo ya kampuni nyingine, na Nestory mwenyewe ndiye aliyetueleza sababu, akicheka, kwamba huko Japani kampuni moja inaunda na nyingine inanunua na kubandika jina lake, kama kitenge cha kiwanda kimoja kinavyouzwa katika maduka mawili. Watu wa Kirumba wakayaita Kulwa na Doto, kama sisi Wasukuma tunavyowaita mapacha, na Nathaniel akapewa Kulwa.

Gari lile lilikuwa na vituko, asubuhi lilikataa kuwaka mpaka usubiri taa ya plagi, zile zinazopasha injini moto, izime, mlimani lilipandisha joto, likipakia watu wengi lilitoa moshi mweusi, naye alivivumilia vyote na kuliosha kila siku kabla ya kula. Lakini mwezi Februari mwaka huu, lilipotimiza kilomita laki moja, kwenye dashibodi iliwaka taa nyekundu ambayo hakuwahi kuiona, akalileta gari hapa uani, Nestory akiwa anakunywa chai aliyomiminiwa na Modesta, akamwambia, "Bosi, kuna taa imewaka, mafundi wanasema ni ya mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini, wanataka ubadilishwe." Nestory hakuweka hata kikombe chini, akamjibu, "Nathaniel, mtu mzima unaogopa taa? Taa hiyo ni ya kampuni ile ya Doto. Hili ni nembo nyingine, kaka, injini yake haina mambo hayo. Dashibodi imekuja na taa zake, hiyo ni pambo tu." Ndugu yetu akauliza mara moja tu, "Pambo?" Nestory akasema, "Pambo. Kama inakusumbua macho nitaichomoa," na akaenda akaichomoa balbu kwa mkono wake.

Mtu yuleyule aliyetucheka kwa kutojua kwamba magari yale ni kitu kimoja, siku hiyo aliyafanya kuwa vitu viwili, na ndugu yetu aliamini nembo, kwa sababu aliyesema ni msimamizi wake wa ndoa, na kwetu maneno ya msimamizi hayapelekwi kwa fundi kwenda kupimwa.

Siku ya Alhamisi, tarehe 17 Septemba 1998, saa nne asubuhi, akiwa anateremka kwenye kivuko cha Kigongo akiwa peke yake ndani ya gari, mkanda ule ulikatika, injini ikazima, breki zikawa ngumu kama jiwe na usukani ukakataa, na mbele yake walikuwepo akina mama wenye beseni za samaki na abiria wanaosubiri pantoni, naye akaupinda usukani ule kwa nguvu zake zote, akalipeleka gari kwenye mawe. Hakuna aliyeguswa isipokuwa yeye, uti wa mgongo uliumia na mbavu zikavunjika, akapelekwa hospitali, miguu ikawa haina habari, vikafuata vidonda na homa ya mapafu.

Kitandani hakuniomba kitu kingine, aliniambia, "Dada, nilisikia kitu kinakatika, pa, halafu kimya. Doto lisitoke, dada, litaua watu." Nilikwenda kwa Nestory na maneno hayo, nikamkuta sokoni Mwaloni, akanijibu mbele ya wachuuzi, "Shikamoo mama. Mgonjwa wako ana homa, anaota. Mdogo wako alisinzia, basi," na tangu siku ile mji mzima unasema Nathaniel Malimi alisinzia, na Doto limeendelea kupakia watu wa Geita. Ndugu yetu alifariki Jumapili, tarehe 11 Oktoba 1998, saa moja asubuhi, akiwa amepokea sakramenti ya wagonjwa.

Jana Nestory alileta hapa gari hilohilo la Doto, limefungwa vitambaa vyeupe, akasema ndilo litakalobeba jeneza na wazee. Leo asubuhi familia ilimwita Ngosha, mtoto wa dada yetu, ambaye ni fundi, akalifungua mbele ya madereva wenzake marehemu, na wakaona kwamba injini iliyo ndani ya Doto ni ileile iliyokuwa ndani ya Kulwa, jina la muundaji limechongwa juu yake, moja kwa yote mawili, na kwenye dashibodi tundu la taa lilelile halina balbu. Mkanda ameutoa. Uko hapa mezani, pembeni mwa mshumaa, umepasuka na meno yake mengine yamekwisha, mtu yeyote anayetaka kuushika aje aushike, na anayesema ndugu yangu alisinzia aje aushike wa kwanza.

Baba Paroko ameniambia nisamehe, nimemwambia nitasamehe, Mungu anisaidie, lakini msamaha haushiki gari kwenye mteremko. Kwa hiyo Doto halitawaka leo. Nestory, ukileta mkanda mpya Ngosha ataufunga, ukitaka urudishwe huu, hakuna fundi wa Kirumba atakayeugusa wala dereva atakayekaa kwenye kiti kile, wameniahidi hivyo mbele ya jeneza hili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, vijana wa kivukoni waliomtoa kwenye vyuma, akina mama wa samaki waliokuja hospitali wakiwa na uji, madereva wenzake, majirani waliotoa kuni na maji, na jumuiya kwa sala zenu. Kwa Nestory Mhoja familia haina shukrani, na inamwomba atembee nyuma, pamoja na watu wote.

Jeneza litabebwa mabegani kwa kupokezana, njia ya Ilemela mpaka makaburini, jua limekwisha kupanda, wazee wasioweza watupe mkono tuwashike. Nathaniel, umebeba watu tangu ujana wako ukawafikisha, wale wa kivukoni uliwafikisha bila wao kujua, leo usishike chochote, sisi tutakwenda taratibu, pumzika kwa amani.