Siku Mwari Alipovunja Kioo cha Ndege Yetu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ninyi wa jumuiya yetu hapa Kasense mmezoea kuniona nimekaa benchi la nyuma, na watoto huwauliza mama zao jicho langu la kushoto limepatwa na nini. Leo nimepewa nafasi, nami nitaeleza yote. Aliyonitendea Mungu si ya kukaa nayo kimya.

Nilizaliwa kijiji cha Kate, kwa wakulima wa mahindi na ulezi. Nilipata ufadhili wa kusomea urubani, nikarusha ndege ndogo za abiria kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimetua kwenye viwanja vya majani, vya vumbi, na vya matope. Sikuwahi kumjeruhi abiria hata mmoja. Nilipewa pia kazi ya kuwafundisha marubani wapya usalama, kwa sababu mimi ni mtu wa kukagua. Nakagua mafuta, nakagua matairi, halafu nakagua tena. Mke wangu Paskalia husema hata chumvi ya mboga naikagua kabla ya kukaa mezani.

Siku ile tulitoka Sumbawanga kwenda Mbeya. Jua lilikuwa limeshapanda. Kiti cha kulia alikaa rubani msaidizi wangu, Rehema, binti wa Mzee Salum mwenye duka la jumla pale mjini. Nyuma tulikuwa na abiria wachache, akiwemo mama aliyempakata mtoto mgonjwa wa moyo, anampeleka hospitali. Tuliacha uwanda wa juu, ardhi ikashuka ghafla chini yetu, na Ziwa Rukwa likatokea mbele.

Hapo ndipo ndege alipoivunja ndege! Kiswahili chetu kina neno moja kwa vyote viwili, na siku ile vilikutana. Alikuwa mwari, yule ndege mkubwa mweupe wa ziwani, mwenye mfuko chini ya mdomo. Alipasua kioo cha upande wangu akaingia mzima mzima. Upepo ulivuma ndani kwa kishindo, hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Usoni palikuwa na damu, manyoya na vipande vya kioo. Sikuona kitu. Kulia giza, kushoto giza.

Ndugu zangu, rubani wa miaka mingi anajua mambo mengi, lakini kuachia usukani wakati abiria wanalia nyuma yake si jambo jepesi. Mikono yangu ilikuwa imeukamata. Nilimwita Yesu, jina tu, sikuwa na sala nyingine. Kisha nikapaza sauti: "Rehema, chukua ndege!"

Nilisikia kwa mbali: "Nimechukua, Kapteni!"

Nikaachia. Aligeuza taratibu, akaturudisha Sumbawanga, mimi nikiwa nimeziba uso kwa shati langu. Magurudumu yalipogusa ardhi, yule mama alikuwa anarudia neno moja tu: "Asante, asante, asante." Hakuna aliyekufa. Mtoto wake alisafirishwa kwa gari siku iliyofuata, akatibiwa. Mungu ni mwema!

Jicho la kulia lilipona. La kushoto madaktari walijitahidi, wakashindwa. Daktari wa marubani alinipima, akavua miwani yake, akasema, "Kapteni, kurusha abiria basi tena. Pole sana."

Mnadhani hapo nilishukuru? Sikushukuru. Nilirudi Kasense nikajifungia. Ndege ikipita juu, nilifunga dirisha. Paskalia alipoandaa chakula, nilikula kidogo nikarudi kitandani mchana kweupe. Wenzangu walipiga simu, sikupokea. Kanisani mliuliza habari zangu, Paskalia akawa anawaambia napumzika. Sikuwa napumzika. Nilikuwa nazama.

Baba mdogo alikuja kutoka Kate. Alikaa sebuleni akasema, "Mwari hawezi kupanda juu namna ile bila kutumwa. Twende kwa mtaalamu, tujue nani kakufanyia."

Nikamwambia, "Baba mdogo, wale hupanda na hewa ya joto inayotoka bondeni. Kila siku ya jua wako juu."

"Sawa. Sasa kwa nini akuchague wewe?"

Nilikuwa nimefundisha watu habari za hewa na ndege miaka yote, na swali lile liliniingia mpaka kwenye mifupa. Paskalia ndiye aliyetoka jikoni akasema kwa adabu, "Baba mdogo, hapa chai ipo. Uganga haupo." Mzee akanywa chai. Lakini swali lilibaki na mimi, na usingizi ukapotea.

Sasa sikilizeni Mungu alivyo. Hakuniletea malaika. Aliniletea Mzee Salum mwenye duka.

Alibisha hodi asubuhi moja. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kapteni. Pole na maradhi." Aliketi, akasema, "Rehema ameacha kazi. Yuko nyuma ya kaunta anapima sukari. Mtu akibamiza mlango, anaruka. Mimi sikupenda binti yangu arushe ndege, hilo unalijua. Tuligombana. Lakini kuacha namna hii, hapana. Anasema yeye ndiye aliyekuharibu jicho."

"Yeye? Kwa vipi?"

"Muulize mwenyewe. Kwangu hasemi zaidi ya hapo."

Nilivaa viatu. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka nje ya geti tangu nirudi kutoka hospitali. Tulipanda bodaboda mbili mpaka mjini. Rehema aliponiona mlangoni, kijiko cha sukari kilimponyoka.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Uliona nini siku ile?"

Alilia kwanza. Kisha akasema, "Niliwaona wale mwari. Nikafungua mdomo nikuambie. Kabla sijasema neno hawakuwa mbele tena, mmoja alikuwa ndani."

Nilikaa juu ya gunia la mchele. Nikamweleza kama mwalimu, polepole. Kwa mwendo ule, kati ya kuona na kugongwa hakuna nafasi ya neno. Ningewaona mimi, ingekuwa vilevile. Nikamwambia, "Rehema, hukuniharibu jicho. Ulimrudishia mke wangu mumewe, na yule mama ukamshushia mtoto wake ardhini salama. Rudi kazini."

Alifuta uso kwa mtandio. Akanitazama, akauliza, "Na wewe, Kapteni, mbona hutoki ndani?"

Ndugu zangu! Duka lilikuwa na wateja, lakini nilijiona niko peke yangu na Mungu. Yale niliyomwambia binti yule yalikuwa ya kweli, na yalinihusu mimi pia. Hakuna aliyenichagua. Hakuna aliyenitumia mabaya. Nikainamisha kichwa pale juu ya gunia nikasema, "Baba, jicho limekwenda. Nipe kazi ya lililobaki." Mzee Salum naye alikuwa amefungua viganja, anaomba dua yake. Kitu kizito kilinitoka kifuani. Usiku ule nililala mpaka asubuhi!

Sikupata jicho jipya, nisiwadanganye. Nilipata kazi. Nilikwenda kusoma tena, na sasa nazunguka kwenye viwanja vidogo vya ndege nikitazama kinachowavuta ndege wa porini: dimbwi, jalala, mizoga. Kijiji kimoja nilikuta akina mama wameanika mahindi kando ya njia ya kurukia, na njiwa wamejaa. Mama mmoja aliniuliza, "Sasa baba, tukaanike wapi?" Swali la haki. Tulikaa na mwenyekiti wa kijiji mpaka wakapewa sehemu yenye sakafu karibu na ghala. Kiwanja sasa hakina njiwa, na mahindi yanakauka vizuri kuliko mwanzo.

Rehema alirudi kazini. Leo ni kapteni. Hivi karibuni niliitwa Mbeya kufundisha, na rubani wa safari alikuwa yeye. Nilikaa nyuma yake, abiria kama abiria wengine. Tulipofika juu ya ziwa nilinyoosha shingo nitazame mbele. Chini kulia niliwaona, weupe, wanazunguka kupanda. Naye alikuwa ameshawaona. Alikunja kidogo, akawapita mbali.

Tulipotua alishuka akanisubiri kwenye ngazi. "Kapteni, umeonaje?"

Nikamjibu, "Nimeona vizuri sana, mama."

Namshukuru Mungu kwa uhai wangu, kwa Paskalia, kwa familia ya Mzee Salum, na kwenu mlioniombea bila kuniona. Kama yuko hapa mtu aliyepokonywa kazi aliyoipenda, asiogope kumwambia Mungu ukweli, hata kama ni sentensi moja, hata kama ni dukani. Mtumaini. Anasikia, na bado ana kazi na wewe. Amina!