Mzee Clement Ormerod, Mgeni wa Kila Novemba (1941–2024)

Marehemu Clement Ormerod alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 mjini Rochdale, Lancashire, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Harold na Edna Ormerod, waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipokuwa na njaa. Alikohoa kidogo tu, kisha akasubiri.

Alisoma mjini humo humo kuanzia mwaka 1946 hadi 1957. Akiwa darasa la nne alivunja miwani yake, na kwa muhula mzima hakuona ubao, kwa kuwa hakupenda kumsumbua mwalimu kwa kuomba kusogezwa mbele. Ripoti yake ya mwisho ilisema: "Clement anajua majibu yote, endapo ataulizwa."

Mwaka 1957 aliajiriwa katika kiwanda cha viatu laini vya kuvaliwa ndani, mjini Bacup. Alianza kwa kufagia, akapanda hadi kuwa mkaguzi mkuu wa viatu vilivyorudishwa, cheo alichodumu nacho hadi alipostaafu mwaka 2001. Wateja wengi walidai kwamba viatu vyao vimechanika vyenyewe. Clement aliviangalia chini ya taa, akaandika kwa adabu: "Mbwa wa kuchunga kondoo, umri wa miaka miwili hivi, jino la juu kushoto limelegea. Msalimieni." Aliwajua mbwa wa kaunti nzima kwa meno yao, ingawa yeye mwenyewe hakufuga. Mwenye nyumba wake hakuwahi kumkataza kufuga. Clement hakuwahi kumuuliza.

Mnamo Novemba 1987, akiwa katika matembezi ya milimani huko Yorkshire, alinyeshewa mvua akalala katika nyumba ya wageni ya kijiji cha Harkside iitwayo Bata Bukini Watatu. Mwenye nyumba alikuwa mjane, Bi. Enid Alderson, ambaye pai yake ya kondoo iliwatoa watu Leeds kuja kuila. Nyumba ilipokea mbwa, nayo ilikuwa na taratibu zake: mwenye mbwa alikula baa, kando ya moto, asiye na mbwa alitengewa ukumbi wa chakula, ili asisumbuliwe na mikia. Clement aliketi ukumbini peke yake, kwenye kitambaa cheupe. Pai ilikuwa imesafiri korido ndefu, ikafika imepoa. Hata hivyo, alituambia, ilikuwa pai bora kuliko zote alizokula. Ukutani upande wa pili alisikia vicheko, na sauti ya Bi. Enid ikimwambia mbwa wa mtu, "Wewe mla watu, toa pua yako kwenye mchuzi wangu!"

Mtu mwingine angeomba ahamie baa. Clement alirudi nyumbani, na Novemba iliyofuata akaja na mbwa wa kuazima.

Mbwa huyo aliitwa Rufus, mwekundu, wa jirani yake Bi. Hargreaves. Clement alikula kando ya moto siku nne. Asubuhi kila mbwa aliletewa soseji kwenye sahani yenye jina lake, na Bi. Enid aliketi mezani kwa Clement kunywa chai. Ndipo mambo yalipomharibikia, kwani alikuwa amempenda Bi. Enid. Bi. Hargreaves alipohamia Wales pamoja na Rufus, Clement aliazima mbwa mwingine, na kwa kuwa sahani ilikuwa na jina tayari, huyo naye akawa Rufus.

"Rufus amenenepa," alisema Bi. Enid.

"Ni baridi, Bi. Enid."

Mwaka uliofuata: "Amekuwa mweusi."

"Ni umri."

"Wakizeeka huwa weupe, Bwana Ormerod."

"Yeye amekwenda kinyume."

Hali iliendelea hivyo kwa miaka kumi na tano. Rufus alikuwa mrefu, akawa mfupi; alikuwa na manyoya, akawa hana. Clement alijua kwamba siku akigundulika atapoteza moto, pai na yule mama kwa pamoja, kwa hiyo kila Novemba alipanda kilima cha Harkside akimfundisha mbwa wa watu jina lisilo lake.

Novemba 2003 mbwa aliyeahidiwa aliugua asubuhi ya safari. Clement alifika mlangoni akiwa na kamba tupu mkononi.

"Rufus yuko wapi?" aliuliza Bi. Enid.

Clement alikohoa. "Amefariki."

Hakutarajia kilichofuata. Mfugaji Amos Thwaite alisimama akavua kofia. Baa nzima ikasimama. Mtu alileta keki ya matunda na jibini, mwingine akaanza kusimulia wema wa marehemu. Amos alimshika bega.

"Pole sana, mzee. Alikuwa mbwa wa aina yake."

"Aina zake zote," alisema mkewe.

Clement hakuweza kuvumilia kufarijiwa. Alisimama katikati yao akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, kwamba hajawahi kuwa na mbwa maishani.

Bi. Enid akasema, "Tunajua, Clement. Mwaka tisini na moja Rufus alizaa watoto wanne chini ya meza hiyo."

"Mmoja ninaye mimi," alisema Amos.

"Mbona hamkusema?"

"Wewe ni mgeni. Tungekuulizaje?" alijibu Bi. Enid. "Na wewe mbona hukuomba tu kukaa kwenye moto?"

"Sikutaka kusumbua."

"Miaka kumi na tano unasumbua mbwa wa watu, kwa sababu hukutaka kusumbua!" Alimwonyesha mlango wa ukumbi kwa kidole. "Haya. Huna mbwa. Utaratibu unaujua."

Clement alichukua kofia yake akaenda ukumbini, akaketi kwenye kitambaa cheupe, akiamini kwamba amekwisha. Baada ya dakika kumi mlango ulifunguliwa kwa mguu. Bi. Enid aliingia na sahani mbili za pai zikitoa mvuke, akaketi mbele yake.

"Mimi pia sina mbwa," alisema. "Kula."

Walifunga ndoa tarehe 24 Aprili 2004 katika kanisa la Harkside. Hawakujaliwa watoto, lakini Gordon, mwana wa Bi. Enid, alimheshimu kama baba. Kwa miaka kumi na minane Clement aliosha vyombo, aliandika majina kwenye sahani za soseji, na aliwakagua meno mbwa wa wageni bila malipo.

Mwaka 2022 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Madaktari walilalamika kwamba kila alipoulizwa kama ana maumivu alijibu, "Si ya kuwatoa kazini." Alirejeshwa Harkside kutoka hospitali mwezi Januari mwaka huu.

Siku ya Alhamisi, tarehe 8 Februari 2024, saa saba mchana, Bi. Enid alimletea pai chumbani. Alikula vijiko vitatu. Kisha, bila kukohoa, alisema: "Enid, niongezee mchuzi. Halafu usiende. Kaa hapa."

Bi. Enid alishuka ngazi akipiga kelele, "Gordon! Ameomba! Ameomba vitu viwili!" Alirudi na jagi zima. Aliketi, naye Clement akamshika mkono, na hakumwomba radhi kwa kumchelewesha. Alifariki saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka 82.

Ameacha mjane, Bi. Enid, mwana, Gordon, dada, Muriel wa Bolton, wapwa watatu, na kijiji kizima cha Harkside. Ndugu Clement, pumzika kwa amani. Hukutusumbua hata kidogo, na tungependa ungetusumbua zaidi.