Mwalimu Bonfils Ntakarutimana na Kanuni Aliyoidai Kila Jumatatu

Marehemu Mwalimu Bonfils Ntakarutimana alizaliwa tarehe 3 Juni 1956 huko Nyanza-Lac, Burundi, mtoto wa pili wa Mzee Manirakiza na Mama Veneranda. Alisomea ualimu wa hisabati Bujumbura, na mwaka 1986 akafunga ndoa na Marcelina. Oktoba 1993 vita viliwatoa kwao kwa mtumbwi hadi Kagunga, Tanzania, yeye akiwa ameficha ndani ya shati kitabu kimoja tu, cha nadharia ya seti.

Katika kambi ya wakimbizi alifundisha chini ya turubai. Siku moja alieleza kwamba namba zote hujengwa kutoka seti tupu, isiyo na kitu ndani, na huenda ulimwengu nao ulianza hivyo. Mwanafunzi wake Lyse akasema, "Basi, Mwalimu, sufuria letu leo lina ulimwengu mzima!" Mwalimu alicheka kuliko darasa zima, kisha akampelekea mama yake Lyse nusu ya unga wake.

Mwaka 1998 zilipatikana nafasi nne za sekondari, moja kwa kila darasa. Lyse, aliyeongoza darasa lake, hakuchaguliwa. Alichaguliwa mtoto wa karani wa ofisi iliyochagua. Hatutalainisha neno mbele ya jeneza hili: ilikuwa dhuluma.

"Mwalimu," ofisa wa ofisi hiyo alimkejeli alipokwenda kuuliza, "si wewe unayefundisha kwamba mtu aweza kuchagua kimoja katika kila seti bila kanuni yoyote?"

"Huo ni msingi wa seti zisizo na idadi, bwana. Hapa pana madarasa manne na alama zinazosomeka. Nionyesheni kanuni."

Wiki hiyo aliachishwa kazi. Tangu hapo, kila Jumatatu alisimama mlangoni pa ofisi ile, karatasi ya matokeo mkononi.

"Shemeji, utatuponza," Pastory, kaka yake Marcelina, alimwonya.

"Wameshatuponza, shemeji. Mimi nauliza tu."

Januari 2004 figo zilimwangusha, akalazwa Kigoma. Asubuhi ya tarehe 15 Machi aliuliza ni siku gani. Marcelina akamjibu, "Jumatatu." Akaomba viatu vyake. Alifariki saa nne, kimoja kikiwa mguuni.

Ameacha mjane, Marcelina. Watoto, Bariki na Catherine. Dada yake, Ndayikeza. Na Lyse, ambaye jana aliiomba karatasi ile ya matokeo. Amepewa. Leo ni Jumamosi. Keshokutwa atakuwa mlangoni.

Mwalimu apumzike kwa amani. Sisi bado.