Maji ya Mgeni: Kumuaga Didas Kihwele

Mmepotea, nyinyi! Ndiyo kusema uhamisho wa Songea umewafutia njia ya Mbeya? Na mwingine yuko hapo Chimala tu, basi linapita kila siku, lakini hajaja kunijulia hali tangu nilipovunjika mguu. Leo mmesikia Didas anaagwa na ng'ombe kachinjwa, mmejaa mpaka mlangoni. Haya, kaeni. Ni mimi Apolonia, bibi yenu wa chai hapa ofisi ya maji. Nimeambiwa nimseme Didas kwenye karatasi ya sherehe. Shule sikuiona, karani ndiye ameandika, na nimemkataza kuninyooshea maneno.

Didas Kihwele anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1979, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alianzia Iringa, kijana mwembamba, kazi yake kubeba nguzo za kupimia mto, suruali imefungwa kwa kamba ya katani. Akapelekwa kozi, akarudi fundi wa maabara, akahamishiwa kwetu. Amepima maji ya mito, ya visima, na ya mashimo ya wachimba dhahabu kule Makongolosi, ambako alitumbukia yeye na baiskeli yake. Alitoka na chupa ya maji mkononi, haijamwagika hata tone. Baiskeli ilibaki. Kwenye kwaya ya parokia anaimba sauti ya nne, na Mungu anamvumilia.

Hayo mnayajua. Mimi nataka kusema habari ya lambo, maana mpaka leo mshangao wake haujanitoka.

Mwaka 1974 ukuta wa josho ulipasuka kwa wafugaji wa Usangu, nje ya Chimala. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikatiririka mpaka kwenye lambo ambalo kijiji kizima kilikunywa maji yake, watu na mifugo. Lambo likafungwa kwa miiba. Wanawake wakawa wanafuata maji mbali, kwenye mchanga wa mto uliokauka, wanafukua na kusubiri yajikusanye. Ng'ombe wakakonda, mbavu zikawa kama ngazi.

Dawa ile ilikuwa ya aina inayoharibiwa na jua, ndiyo maana mapipa yake huwekwa kivulini. Kwa hiyo swali la Didas lilikuwa moja: jua litachukua muda gani kuimaliza ndani ya maji ya lambo lile? Alitaka maji ya lambo ambayo dawa haijayagusa, aitie mwenyewe kwa kipimo, ayaanike, aone. Akaenda kwa Nyamizi, mke wa Budeba, ambaye nyumba yake ndiyo iliyo karibu na lambo, akamwomba maji ya akiba, yaliyotekwa kabla josho halijapasuka. Nyamizi akaingia ndani, akamjazia chupa zake. Maji meupe, yanang'aa. Didas akasema yametuama vizuri.

Chupa zile zilianikwa juu ya bati la jiko langu. Akazitia dawa, jua la Mbeya likazipiga siku baada ya siku, kisha akatia samaki wadogo wa mfereji. Wakacheza! Vipimo vya ndani navyo vikasema hivyo hivyo, dawa imekwisha. Nilipiga vigelegele. Bwana mkubwa wa ofisi akatuma tangazo kijijini: siku ya gulio lambo litafunguliwa.

Siku hiyo tulikwenda wote, mimi nikiwa mpishi wa safari. Nyamizi alitupokea kwa kata ya maji. Didas akanywa, akidhani ni ya ile akiba, akasifu: maji ya lambo lenu yakituama, hata ya bomba hayafiki.

Nyamizi akacheka mpaka akashika ukuta. "Ya lambo? We baba! Mgeni anapewa maji ya lambo? Hayo ni ya mchangani."

Didas akauliza, na yale ya chupa?

"Nayo ya mchangani. Ya lambo ni mekundu kama chai ya msibani. Ningekupa uende nayo mjini, watu waseme Nyamizi mchafu?"

Jamani! Kata ilimponyoka. Mimi nilishika kichwa kwa mikono miwili. Tangazo zima la serikali lilikuwa limesimama juu ya maji ya heshima.

Na wakati huo miiba imeshaondolewa, ng'ombe wanateremka, Budeba yuko mbele anapiga mluzi. Didas alikimbia hivyo hivyo na viatu vya ofisi, kimoja kikabaki njiani. Akatanua mikono mbele ya kundi.

"Toka, bwana maji! Si tangazo lako limesema wanywe?"

"Ni langu, na si kweli. Nimekosea, Budeba. Nimekosea mimi."

"Ng'ombe wana kiu hivi, utawazuia na kitambi hicho?"

Aliyewazuia ni Nyamizi. Alielewa kabla ya mumewe. Mtoto mgongoni, akafungua kanga ya kichwani, akaipeperusha usoni mwa dume la mbele huku akipiga yowe, wanawake wenzake wakamfuata, kundi likageuka. Didas akachota debe la maji ya lambo, akatia samaki aliokuja nao. Budeba hajamaliza kutukana, samaki wamegeuza matumbo juu. Budeba akamtazama yule mtoto mgongoni mwa mkewe, akaketi vumbini, mtu mzima vile.

Jioni Didas alinieleza kwa lugha ya jikoni. Matete na majani yakioza hutia maji rangi, na rangi ile hulimeza jua kabla halijafika chini. Chai ikikolea huoni kitako cha sufuria. Basi dawa iliyoko chini imekaa kivulini, kama ilivyokaa kwenye pipa lake. Hilo nililielewa.

Lililonishinda ni la baadaye. Alipanga vyombo juani, vyote vina dawa: beseni la maji meupe, beseni la maji ya lambo yaliyozimuliwa mpaka yakawa kama chai ya bahili, na pipa la maji ya lambo matupu. Nikasema meupe yatashinda. Samaki wa kwanza kuishi wakawa wa chai ya bahili! Meupe yakafuata. Pipa bado linaua. Didas akasema uozo ule ule unaoziba jua, ukiwa kidogo na maji yakiwa kina kifupi, hulikamata jua ukalitia meno, likaitafuna dawa upesi zaidi. Nikamwambia, Didas, unanidanganya bibi yako. Nikainama nikaangalia mwenyewe. Salaale! Aliyemficha mwizi ndiye aliyemkamata.

Basi wakulima wa mpunga wa Chimala wakaja na majembe. Maji ya lambo yakatandazwa kwenye majaruba matupu, membamba kama chapati, yakazungushiwa miiba, jua likayaingia mpaka udongoni. Didas alikataa kurudi Mbeya. Kila siku yuko pale na samaki wake, kiatu kimoja cha ofisi, kimoja cha tairi, mpaka samaki walipoishi. Mvua zikaja, lambo likajaa upya, akalipima lenyewe, kwa mkono wake. Hapo ndipo Nyamizi alipomletea kata. Maji mekundu.

"Kunywa, baba. Leo wewe si mgeni."

Alikunywa yote, na vijiti vyake.

Tangu hapo, kila kijiji alichoingia aliuliza kwanza: "Haya ni ya mgeni au ni ya kwenu?" Wengine walinuna. Hapa ofisini mkaligeuza utani, hata chai yangu mkaiuliza hivyo, wajinga nyinyi. Lakini wapimaji wote aliowafundisha wanauliza, na wasiouliza nawanyima chai.

Asante, Didas. Asante kwa kusema "nimekosea" mbele ya ng'ombe na watu. Nenda kwenu Ipogolo, Iringa, kwa mkeo Evarista, ukalime, ukaimbe, majirani wavumilie na wao. Mungu akupe uzee wenye meno.

Na wewe unayesoma, safari ijayo usingoje mwingine astaafu. Shuka Ipogolo, uliza kwa Kihwele. Atakuletea maji meupe kwenye bilauri. Pokea, kunywa, shukuru. Kisha mrudishie bilauri, umwambie akupe yale wanayokunywa wao.