Sifuri ya Naufal

Viti vya nyavu vya kijiweni kwetu, hapo karibu na gati, havikosi watu wala kahawa. Asubuhi ile, siku moja baada ya uchaguzi wa bunge, tulikuwa watatu: Injini, fundi wa maboti; Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea; na mimi. Matokeo ya sanduku la kisiwa chetu yalibandikwa kwenye ukuta wa shule. Chama tawala, kura mia tatu na kumi. Rafiki yetu Naufal, mgombea binafsi aliyepigania boti ya wagonjwa tangu mamaye afie njiani kupelekwa hospitali ya Male, mji mkuu wetu wa Maldivi: sifuri. Yeye mwenyewe alipigia kura huko Male. Sisi watatu tulikuwa tumemwapia kwamba tutampigia kura.

— Sifuri! Injini akafoka. Na kura yangu nilimpa!

— Hata mimi, akasema Redio.

— Na mimi, nikasema, nikapiga funda la kahawa upesi.

— Basi wino wa zile kalamu za kura ukikauka unafutika.

— Wino gani wewe, Injini! Sanduku limebadilishwa.

— Si zilihesabiwa mbele ya macho yetu?

— Ndiyo utaalamu wenyewe! Satelaiti, kaka. Kura zinahamishwa toka juu. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Satelaiti iko nguoni mwako?

— Methali haichagui pa kuingia.

Nilicheka, lakini moyo ulinisuta. Waziri alisema kisiwa chenye sanduku safi, lisilo na kura hata moja ya mpinzani, ndicho kitakachochimbiwa bandari. Nilipoishika karatasi ya kura nikajisemea, wenzangu wawili watamtosha.

Boti ya abiria ikafunga gati. Naufal akashuka na karatasi mkononi, akatushika mkono mmoja baada ya mwingine.

— Ndugu zangu, asanteni. Nimeambiwa tangu gatini mnavyonitetea. Tume itahesabu upya. Inatakiwa mpiga kura mmoja tu wa hapa aape kwamba alinichagua, atie saini.

Akatoa kalamu.

— Nani aanze?

Injini akainama kukaza ndara isiyo na kamba. Redio akatikisa birika, lilikuwa tupu. Mimi nilinyoosha mkono, nikaurudisha.

Naufal alitutazama kwa zamu, kisha akaikunja karatasi.

— Kumbe hawakuniibia, alisema taratibu.

Akaketi palepale, kati yetu, na hakuna aliyethubutu kumwambia karibu.