Vidole Saba Hadi Kizingiti

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mukandayisenga, mkunga wa Kicukiro, aliyefariki tarehe kumi na nne Novemba mwaka huu wa 1993. Tutasema tuliyoyathibitisha tu. Mengine yaliyosemwa juu yake tumeyaacha, na yalisemwa mengi.

Alilelewa ukimbizini Tanzania. Huko alisomea ukunga, akafanya kazi miaka sita Kitundani, kisiwa kidogo ambacho mtu akisimama katikati anaiona bahari pande zote. Rafiki yake huko alikuwa Mwatumu, ambaye nyumba yake inatazamana na msikiti. Mwaka 1978 Mukandayisenga alirudi Kigali. Waliagana kwa ahadi moja. Kila mwezi, siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, Mwatumu atapima kwa vidole toka maji yalipofika hadi kizingiti cha msikiti, na kuituma namba kwa barua. Mukandayisenga ataandika daftarini.

Mwaka 1978, vidole kumi na viwili. Mwaka 1990, vidole saba. Zikumbukeni namba hizo: kumi na viwili, kisha saba. Bahari inapanda, au kisiwa kinazama? Mukandayisenga hakusema.

"Shangazi alikuwa anasema, mimi naandika vidole, sababu zake nawaachia wasomi," anasimulia Kayitesi, mtoto wa kaka yake.

Oktoba 1990 vita vikaanza. Watu wa Kigali wakaanza kutazamana kwa pembe za macho. Barua za mtaa zilipitia sanduku la posta la Silvère, jirani mwenye duka. Akafungua moja ya Mwatumu. Leo hakatai.

"Nilifungua, ndiyo. Nikasoma: bamvua ya mwezi mchanga, vidole saba, kisima cha kusini kimekufa. Sasa wewe mtangazaji, niambie! Hapa Kigali bahari iko wapi? Nikasema, huyu mama iko na watu wake."

Aliipeleka kwenye ofisi ambayo hatutaitaja. Wakaja kuchukua barua zote na daftari. Na Mukandayisenga wakamchukua.

"Bamvua ni nani?" afande alimuuliza. "Iko na cheo gani?"

"Si mtu, afande. Ni maji. Hesabu mwenyewe: kila tarehe hapo ni mwezi mchanga au mwezi mpevu."

Afande alileta kalenda. Akahesabu tarehe mia moja arobaini na nne. Zote zikalingana.

"Unaona?" akasema. "Mnapanga kazi zenu kwa kufuata giza!"

"Na mwezi mpevu je?"

"Hapo mnatafuta mwanga."

Alikaa ndani siku kumi na moja. Yeye alitoka. Daftari halikutoka.

Na hapo ndipo penye uzito. Mwaka 1991 watu wa Kitundani waliomba viwanja bara. Kisima kimeingia chumvi, minazi ya ufukweni imeanguka. Ofisi ya huko ikadai ushahidi wa miaka. Nakala za Mwatumu zilikwisha kuoza, maji yalipoingia nyumbani. Kaya thelathini na nne, na ushahidi wao wa pekee umefungiwa kabatini Kigali, mbali na bahari yoyote.

Kila Jumatatu Mukandayisenga alikwenda kulidai daftari. Mwaka mzima, kisha mwaka wa pili. Walinzi wakampa jina.

"Mama Bahari, leo umekuja na mashua?"

"Nimekuja na miguu, mwanangu. Kamwite mkubwa wako."

Kayitesi alimwonya: "Shangazi, kila ukienda wanaandika jina lako."

"Waandike vizuri tu. Ni refu, wasiruke herufi."

Julai mwaka huu walimpa faili. Daftari lenyewe lilikuwa limepotea, na barua pia. Lakini wapelelezi walikuwa wamepiga chapa kila barua, neno kwa neno, kila tarehe, kila kidole, nakala tatu, mhuri kila ukurasa. Mukandayisenga mwenyewe hakuwahi kuwa na kumbukumbu safi namna ile. Hakuziamini. Siku tatu alizilinganisha tarehe na mwezi, akakuta kosa moja, akalisahihisha. Nakala mbili akazituma Kitundani.

Kaya ishirini na tatu zimepata viwanja. Kumi na moja bado zinangoja.

Mazishini Silvère alibeba jeneza, upande wa kushoto. Wapo wanaosema ni majuto. Wapo wanaosema bado anachunguza. Sisi tunajua kwamba alibeba.

Wiki iliyopita alimletea Kayitesi barua ya Mwatumu, iliyoandikwa kabla habari ya msiba haijafika kisiwani. Kayitesi hakushukuru. Aliigeuza bahasha, akapitisha kidole kwenye gundi.

"Haijafunguliwa," Silvère akasema.

"Naona," akajibu, na akaendelea kuangalia.

Kisha akaifungua. Akachukua nakala iliyobaki, akaandika chini ya namba ya mwisho: vidole sita.

Kayitesi na ukoo wote, poleni sana. Mwatumu, kama mawimbi yetu yanakufikia, pole dada. Barua zako zina wa kuzipokea. Nanyi wasikilizaji wapendwa, yule jirani mliyemshuku kwa barua yake, kuna aliyewahi kumuuliza inahusu nini? Kumi na viwili. Saba. Sasa sita. Mwezi mchanga ujao ni tarehe kumi na tatu Desemba.